Kamba ipi iliyokatika?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie habari mliyoichapisha wiki iliyopita, ya jahazi lililopatwa na dhoruba. Mliandika kwamba kamba ilikatika, boti ikayumba, mabaharia wakakimbilia nyuma. Nimeisoma mara tatu na bado sijaelewa kilichotokea.

Kamba ipi? Ikikatika demani, ile inayozuia pembe ya nyuma ya tanga, tanga litapigapiga na chombo kitapoteza mwendo, lakini baharia mwepesi anaweza kuidaka akaifunga upya. Ikikatika henza, ile inayopandisha tanga, foromali, mti unaobeba tanga, inaporomoka na tanga lake juu ya vichwa vya watu. Na ikikatika amari, ile ya nanga, chombo kimeachana na nanga, kinachukuliwa na maji kwenda mwambani. Hizo ni ajali tatu mbalimbali, nanyi zote mmeziita kamba.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha. Kazi yangu ya kwanza chomboni, nikiwa na miaka kumi, ilikuwa kukaa ngamani nikifua maji kwa upo, kata ya kuyachota na kuyamwaga nje. Kule chini huoni bahari wala tanga; unaona mataruma, zile mbavu za chombo, maji meusi yanayonuka sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mbao, na miguu yako. Nilichokuwa nacho ni sauti ya baba. Akiita "Legeza demani!" nilijua upepo umezidi, na punde nilihisi jahazi linanyanyuka kutoka ulalo wake, maji yaliyokuwa yamejaa upande mmoja yakirudi katikati miguuni pangu. Angesema "Legeza kamba!" wale wanne waliokuwa juu kila mmoja angeshika yake.

Ndiyo maana huniuma nikisikia wanafunzi wakiikariri methali "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" bila yeyote kuwaeleza kwamba tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Wanaijua maana ya kujibia mtihani, chombo chenyewe hawakioni.

Wala msiseme maneno haya ni ya kizamani, wasomaji hawatayaelewa. Watangazaji wa mpira wamemchukua nahodha wakampa timu. Ndege imemchukua rubani, aliyekuwa akiziongoza meli kuingia bandarini. Gari limechukua usukani. Kila siku tunasoma habari za dira ya maendeleo. Nchi kavu imekopa baharini kwa raha zake, na hakuna msomaji aliyelalamika. Mkiandika mlingoti mara mbili tatu, mkaeleza foromali kwa maneno manne pembeni, watu watazoea kama walivyozoea maneno ya benki na ya kompyuta.

Hata neno boti mngelitazama upya. Jahazi si mashua, mashua si ngalawa yenye mirengu yake miwili, ile miti ya ubavuni inayoizuia isipinduke, na hizo tatu hazizami kwa namna moja. Anayetaka kujua kwa nini watu hupotea baharini lazima kwanza ajue walipanda nini.

Mabaharia wa jahazi lile wameokoka na wako nyumbani. Namwomba mwandishi wenu arudi akawaulize ni kamba ipi iliyokatika, na chombo kilikuwa kikibisha, yaani kikipanda upepo kwa kupinda huku na huku, au kikienda na upepo, kisha mtuandikie upya.

Msomaji wako,
Pangani