Barua kwa Salehe kuhusu adhana ya redioni

Mbeya,
25 Februari 2026

Ndugu yangu mpendwa Salehe,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako kutoka Iringa imenifikia, nami nimefurahi kusikia kwamba mnafunga salama licha ya mvua na baridi ya huko. Umeniuliza kwa nini kalenda ya msikiti wenu inaweka Magharibi robo saa baada ya adhana unayoisikia redioni kutoka Dar es Salaam, na kama kuna ubaya kufuturu kwa hiyo ya redio uliyoizoea tangu tulipokuwa Tanga. Ubaya upo, na anayekujibu ni mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka huyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa Mbeya nilifuturu kwa redio siku tatu mfululizo, mpaka mzee mmoja wa msikitini aliponikuta na tende mdomoni, akanishika mkono bila kusema neno, akanionyesha ukuta wa jirani ambao jua lilikuwa bado linaupiga. Siku zile tatu nilizilipa baada ya Idi.

Sababu yake ni nyepesi. Jua huchukua dakika nne kupita kila nyuzi moja ya longitudo, na Dar es Salaam iko kwenye nyuzi 39 mashariki na ushei, Iringa karibu na 36, na sisi 33 na nusu. Kwa hiyo leo, jua likizama Dar es Salaam yapata saa 12 na dakika 44 jioni, ninyi mtalisubiri hadi karibu saa 1 kamili, na sisi hadi saa 1 na dakika 8 hivi. Tena saa za nchi nzima zimefuata longitudo ya nyuzi 45, inayopita baharini mashariki ya pwani yetu, ndiyo maana huku kwetu jua halifiki katikati ya mbingu saa 6 mchana. Mwezi huu hufika karibu saa 7, na Adhuhuri huingia hapo.

Umeleta hoja kwamba ikiwa mwezi wa Ramadhani tunaupokea kwa tangazo la Mufti, basi na adhana ya Dar es Salaam itutoshe. Mwezi ukishaandama umekwisha kuingia, na tangazo lake hutangulia siku za kufunga. Lakini kuzama kwa jua ni jambo la kila mji na upeo wake, wala mlima ukilificha mapema kwa mtu wa bondeni haina maana kwamba limezama.

Alfajiri kosa hilo hugeuka. Ukiacha daku kwa adhana ya Dar es Salaam, saumu yako haidhuriki, kwa kuwa umejizuia kula mapema tu. Lakini ukisimama kuswali papo hapo, umeswali kabla ya wakati, na swala hiyo si sahihi. Qurani, katika Surat al-Baqara aya ya 187, inatuagiza kula na kunywa mpaka uzi mweupe ubainike na uzi mweusi, yaani weupe wa alfajiri katika weusi wa usiku. Sahaba Adiy bin Hatim alidhani ni nyuzi za kweli, akaziweka chini ya mto, hadi Mtume (s.a.w.) alipomfafanulia. Alfajiri ya kweli ni ule mwanga unaotandaa upande kwa upande. Ule unaosimama wima kama mkia wa mbwamwitu ni wa uongo, nao hutoweka.

Hapo ndipo penye mzozo wa zile simu zenu mbili mezani, kila moja ikitoa saa yake ya Alfajiri. Wanahesabu hukadiria alfajiri kwa kina cha jua chini ya upeo: wapo wanaotumia nyuzi 15, wapo wa 18, wapo wa 19 na nusu. Katika nchi zetu tofauti ya 15 na 18 ni kama dakika kumi na mbili, kwa hiyo angalieni kila simu imewekewa hesabu gani, na kwamba imeandikiwa Iringa, kabla hamjagombana.

Alasiri haina ugomvi kwetu wafuasi wa Imamu Shafii: ni pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiacha kivuli cha adhuhuri. Wiki hii jua linapita utosini kwetu, basi kivuli hicho cha kuachwa karibu hakipo. Jana mvua ilipokatika nilisimika kijiti uani mchana, na wanangu wakakitafuta kivuli chake kwa zamu, wasikione. Kwenu huko lilikuwa limepita kusini kidogo tu; simika chako siku mbili tatu hizi, kabla ya saa 7, uniandikie ulichokiona. Na zile siku ulizofuturu kwa redio, zihesabu mapema.

Wasalaam,
Nduguyo Idrisa