Gari la kasi, siku ya saketi, na bima inayoishia getini

Sisi ni madalali wa bima, na wateja wetu wa Lubumbashi wenye magari ya kasi, awe mwenye Porsche, mwenye BMW M3 au mwenye Subaru WRX, wanatuletea swali moja. Mtu amejiandikisha kwenda kuendesha siku nzima katika saketi, yaani njia ya mbio za magari, ya Kyalami, kati ya Johannesburg na Pretoria, na bima ya hatari zote ameilipia mwaka mzima bila kuchelewa. Je, akigonga ukuta huko, atalipwa? Kwa mikataba mingi inayopita mikononi mwetu jibu ni hapana, na ni heri alisikie kwetu kabla ya safari kuliko kulisikia kwa mkaguzi wa ajali wakati gari limekwisha kupakiwa kwenye lori la kuvuta.

Jibu hilo limo ndani ya mkataba wenyewe. Ruka ukurasa wa kwanza wenye jina lako, namba ya gari na kiasi ulicholipa, uende kwenye masharti ya jumla, sehemu inayotaja mambo ambayo kampuni hailipii. Karibu na kifungu cha dereva aliyelewa na cha dereva asiye na leseni, utakuta sentensi fupi kuhusu mashindano, mbio na majaribio yake. Wengi husoma mpaka hapo wakatulia, kwa kuwa siku ya saketi si mashindano: hakuna mshindi, hakuna kombe, na waandaaji wengi wanakataza hata kupima muda wa mzunguko. Lakini mara nyingi sentensi inaendelea baada ya mkato na kutaja pia gari kutumiwa kwenye saketi au kwenye njia iliyofungwa kwa ajili ya mwendo wa kasi, na maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayokutoa nje, uwe unashindana au unajifurahisha tu. Kama mkataba wako hausemi lolote kuhusu saketi, hatukushauri uutegemee ukimya huo. Sisi huiandikia kampuni na kungoja jibu la maandishi, kwa sababu jibu la simu halimsaidii mtu yeyote siku ya madai.

Huu si uchoyo wa kampuni. Malipo unayotoa kila mwaka yamepigiwa hesabu ya gari linalokwenda kazini, linalokwenda Likasi mwisho wa wiki, na linalolala ndani ya uzio. Saketini mambo ni mengine, na mfano mzuri ni breki. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewa, kama yanavyofanya polepole katika kila gari, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Barabarani hutaiona tofauti. Kule Kyalami, penye mzunguko wa kilomita 4.5 na ushei na mteremko mkali unaoitwa Mineshaft, dereva anakanyaga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia kwenye mabomba, na pedali inazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Gari lililokaguliwa vizuri kwa ajili ya mji linaweza kufika hapo ndani ya kipindi kimoja cha dakika ishirini.

Kinachowashangaza wateja zaidi ni upande wa madhara kwa wengine. Barabarani, bima ya lazima inamlipa mtu uliyemgonga. Ndani ya saketi, kabla hujapewa ruhusa ya kuingia, unatia sahihi karatasi inayosema kwamba kila dereva anabeba hasara ya gari lake mwenyewe na kwamba hatamdai mwenzake wala mwandaaji. Kwa hiyo mtu asiyekujua akiteleza na kukugonga ubavuni, huna wa kumdai. Na wewe ukimgonga, kwa kawaida naye hana wa kumdai. Karatasi hiyo, hata hivyo, haikufutii gharama zote. Waandaaji wengi wanamtoza dereva uzio wa chuma alioupinda, au kazi ya kusafisha oili aliyoimwaga kwenye lami. Tusomee karatasi hiyo mapema, maana inapatikana kwa mwandaaji wiki kadhaa kabla, na kuitia sahihi alfajiri huku injini zikinguruma si kuisoma.

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya ambao hutuuliza kuhusu saketi ya Nürburgring, Ujerumani, hali yake ni ya pekee. Katika siku za watalii, njia ile ya kilomita 20.8 inahesabiwa kuwa barabara ya kulipia, na sheria za barabarani za Ujerumani zinatumika. Hilo halikuhakikishii kitu: kampuni nyingi zimeshaiandika kwa jina katika orodha ya mahali wasipolipa, na uzio uliouharibu utaletewa bili yake.

Turudi nyumbani. Bima ya siku moja ya saketi inayouzwa kwenye intaneti Uingereza kwa kawaida inataka gari liwe limesajiliwa huko, kwa hiyo haiwezi kumfaa mwenye gari la namba za Kongo. Njia inayobaki ni nyongeza ya mkataba, iliyoandikwa na kampuni ileile inayokatia gari lako bima hapa. Zamani tusingekuwa na mahali pengine pa kubisha hodi. Sheria ya Bima ya Kongo ya mwaka 2015 ndiyo iliyovunja ukiritimba wa Sonas, kampuni ya bima ya serikali, na tangu mwaka 2019 kampuni binafsi zimekuwa zikipewa vibali chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya kusimamia bima, kwa hiyo kampuni moja ikikataa tunaweza kuomba bei kwa nyingine. Kukataliwa kupo. Nyongeza hii haimo katika orodha ya bei za kila siku, na kila ombi linapimwa peke yake.

Nyongeza yenyewe inalipia jambo moja tu: gari lako kuharibika kwa kugonga, kupinduka, au kuungua kwa sababu ya ajali, katika tarehe na saketi zilizotajwa, likiendeshwa na dereva aliyetajwa. Injini iliyovunjika kwa kukosa oili kwenye kona ndefu haimo. Matairi, klachi na diski za breki hazimo. Rafiki uliyempa usukani kwa mizunguko miwili hayumo, hata kama anaendesha vizuri kukuzidi.

Hapa ndipo tunapowaomba wateja wakae chini na kalamu. Franshizi, yaani sehemu ya hasara inayobaki juu ya mteja, barabarani huwa ndogo. Katika bima za saketi kiwango cha kawaida ni asilimia 10 ya thamani ya gari. Tuseme gari lako limeandikwa dola 60,000. Franshizi ni dola 6,000. Ukikwaruza ukuta, ukavunja bampa, taa na tangi la kupoza maji, na fundi akakuandikia dola 5,200, kampuni haikulipi hata senti, na malipo ya nyongeza yamekwenda. Bima hii imetengenezwa kwa ajili ya siku mbaya kabisa, ile ya gari kutorudi. Mteja ambaye gari lake lina thamani ndogo, na anayeweza kulipoteza bila kuiyumbisha nyumba yake, tunamwambia wazi kwamba labda hahitaji huduma yetu. Na anayekwenda kwa mara ya kwanza tunamshauri akodi gari la saketi, bima ikiwa ndani ya bei, na lake aliache Lubumbashi.

Thamani nayo iandikwe kama thamani iliyokubaliwa na pande zote mbili, siyo bei ya soko itakayotafutwa baada ya ajali, kwa kuwa soko la magari ya namna hii mjini kwetu ni dogo mno na kila mkaguzi atakuja na namba yake. Mabadiliko yote yatajwe: matairi laini ya mashindano, springi zilizoshushwa, programu ya injini iliyobadilishwa, viti, paipu za moshi. Mteja aliyefunga vifaa vya dola 9,000 bila kuvitaja hapotezi hizo 9,000 peke yake, kwani kampuni inaweza kudai kwamba gari ililolikatia bima silo lililogonga.

Halafu kuna njia ya kwenda, zaidi ya kilomita 2,000, ambayo nyongeza ya saketi haiigusi. Karti ya manjano ya COMESA inakufunika kwa madhara unayowafanyia wengine Zambia na Zimbabwe, basi ukipitia Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe, umo ndani hadi Beitbridge, penye mpaka wa Afrika Kusini. Ukipitia daraja la Kazungula, lililofunguliwa mwaka 2021, unaingia Botswana, nchi isiyo katika mpango huo, na Afrika Kusini pia haimo. Mfuko wa ajali za barabarani wa Afrika Kusini, unaotokana na kodi ya mafuta, unalipia watu walioumia. Gari la mwenzako uliloliharibu haulilipii. Anayepakia gari kwenye trela asidhani amekwepa haya yote: likiwa juu ya trela, gari lako ni mzigo, na mzigo unahitaji bima ya usafirishaji.

Forodha ndiyo inayosahauliwa kuliko yote. Gari limeingia Afrika Kusini kwa muda, kwa ahadi ya kutoka. Likiharibika kiasi cha kutotengenezeka, ahadi hiyo bado ipo, na mabaki yasipotoka, mwenye gari anaweza kudaiwa ushuru. Kwa sababu hiyo tunaomba nyongeza itaje gharama ya kurudisha mabaki hadi mpakani Kasumbalesa, kwa kiwango cha fedha kilichoandikwa, hata kama inaongeza malipo kidogo.

Mwili wa dereva ni mkataba mwingine tena. Bima nyingi za afya na za safari zinaondoa michezo ya magari, na wakati mwingine mume au mke anayepanda kama abiria kwa mzunguko mmoja anaondolewa pamoja na dereva. Tuletee na hizo tuzisome.

Ukitaka tukuandalie ombi, njoo ofisini mwezi mmoja kabla ya tarehe ukiwa na karti roze (hati ya usajili wa gari), mkataba wako wa sasa, karatasi ya mwandaaji, na risiti ya fundi inayoonyesha lini mafuta ya breki yalibadilishwa. Tutalipiga gari picha pande zote nne, ndani, chini ya boneti, na kwenye kila tairi kwa ukaribu wa kuweza kusoma tarehe ya kutengenezwa kwake, ile namba ya tarakimu nne ubavuni ambapo 1823 ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Picha hizo zinabaki katika faili lako hapa, na nakala inakwenda kwa kampuni siku ileile.