Risala ya Klabu ya Uandishi kwa Mgeni Rasmi: Madaftari ya Vibwengo wa Pangoni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia kuifikia siku hii, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu ilizaliwa baada ya ziara ya mapango ya Amboni hapa Tanga, ambako mwongozaji alizima tochi na sote tukasikia maji yakidondoka gizani bila kuviona hata viganja vyetu. Tuliporudi tulibuni ulimwengu mzima chini ya ardhi na kuwaweka humo vibwengo, si wale wa kutishia watoto wasiolala, bali taifa lenye wazee, sheria na madeni. Vibwengo wetu huijua njia kwa mwangwi, huhesabu saa kwa matone, na kila anayeshuka huacha jiwe mlangoni mwa pango ili ifikapo jioni mlinzi ajue ni nani hajarudi.

Kwa muda mfupi tumepata mafanikio makubwa. Tumejaza madaftari saba, tumechora ramani ya pango lote kwenye karatasi ya manila, na sifa zetu zimevuka mipaka ya shule, kwani shule jirani imeomba kuazima daftari la pili. Tumefanya pia utafiti. Tumejifunza kuwa mapango ya aina hii huchongwa na maji ya mvua yenye kaboni dayoksaidi, ambayo huyeyusha mawe ya chokaa polepole. Tumejifunza vilevile kuwa wachimba madini wa Ujerumani waliamini viumbe waitwao kobold ndio waliowaharibia madini ya fedha, hadi miaka ya 1730 mkemia Georg Brandt wa Uswidi alipotambua metali mpya ndani ya mawe hayo, nayo ikabaki na jina la viumbe hao: kobalti. Ndiyo sababu vibwengo wetu hulaumiwa na watu wa juu kwa kila mgodi usiotoa kitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunayo changamoto moja, nayo ndiyo hasa iliyotusimamisha mbele yako. Kazi yote hii imeandikwa kwa mkono, nakala ni moja tu, na inatunzwa ndani ya boksi katika stoo inayovuja. Masika yaliyopita maji yalilifikia boksi. Daftari la nne lina sura ya kibwengo mzee anayeshuka chumba cha chini kabisa kuwatoa watoto waliopotea, mahali ambapo hewa nzito imetuama na taa inafifia mkononi mwake. Wino wa sura hiyo ulichuruzika ukawa doa la buluu, na katika ukurasa wa mwisho yanasomeka maneno mawili tu: "taa ikazimika". Aliyeiandika amekwishamaliza kidato cha nne na kuondoka, na miongoni mwetu hakuna anayejua kama watoto wale walitoka.

Jambo hili tumelisema hapa hapa mara mbili. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alituahidi kompyuta mbili na printa, tukampigia makofi, tukapiga naye picha, na siku iliyofuata tukasafisha meza ya kuziweka. Meza ipo hadi leo. Mgeni wa mwaka jana alitueleza kuwa kompyuta ziko njiani. Hatumlaumu yeyote, kwa kuwa tunatambua majukumu ya viongozi wetu ni mengi, lakini kwa heshima zote tunalazimika kusema kwamba Machi inakaribia, na boksi letu bado liko chini ya bati lile lile.

Hatuombi ukumbi, sare wala safari. Tunaomba kompyuta moja, hata iliyokwisha kutumika, pamoja na printa, ili madaftari sita yaliyosalia yachapwe kabla ya mvua. Mwalimu wetu mlezi amekubali kusimamia kazi hiyo kila Jumamosi. Iwapo hilo litahitaji muda, basi tunaomba kwanza kabati la chuma lenye kufuli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako. Chini ya nafasi ya sahihi tumepiga mstari mwingine kwa ajili ya tarehe ya kutimizwa kwa ombi hili, na tunakuomba uujaze kabla hujaondoka.

Naomba kuwasilisha.