Seli za ini zilikuzwa juu ya nini?

Mhariri,

Mara kwa mara tunasoma magazetini kwamba dawa fulani, hasa ya mitishamba, imejaribiwa maabara kwenye seli za ini na haikuonyesha madhara. Kwangu mimi ninayefanya kazi ya kukuza seli, habari hiyo haijakamilika mpaka tuelezwe seli zilikuzwa juu ya nini, na kwa siku ngapi.

Ini lenye afya ni laini, na kila seli yake imezungukwa na nyingine. Seli hiyo ikitolewa mwilini na kuwekwa katika sahani ya plastiki, iliyo ngumu kuliko ini mara laki kadhaa, hujitandaza ikawa bapa, na katika siku chache utoaji wake wa albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini, hupungua, vijia vya nyongo hutoweka na vimeng'enya vinavyochakata dawa na sumu hushuka mno. Ukiitazama kwa hadubini utaiona hai, lakini kazi ya ini imekwisha kuiacha.

Tatizo hili si jipya, na watafiti wamelitafutia suluhisho kwa kubadilisha kile ambacho seli hukuzwa juu yake. Mwaka 1975 George Michalopoulos na Henry Pitot walizikuza seli za ini la panya juu ya utando wa kolajeni, protini inayoshikilia tishu za mwili. Mwaka 1989 James Dunn na wenzake, huko Boston, Marekani, waliziweka kati ya matabaka mawili ya kolajeni, nazo zikaendelea kutoa albumini kwa wiki 6, ilhali zilizowekwa juu ya tabaka moja ziliacha mapema. Hata unene wa tabaka una maana: kolajeni ikipakwa nyembamba kama rangi ya ukutani, seli bado huhisi ugumu wa plastiki iliyo chini yake.

Sumukuvu inaonyesha vizuri kwa nini jambo hili linatuhusu. Sumu hiyo ya mahindi yaliyoota ukungu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hupata makali yake pale vimeng'enya vya ini vinapoigeuza kuwa kemikali inayojibandika kwenye vinasaba. Seli iliyopoteza vimeng'enya hivyo itaonekana kuistahimili, na mtafiti asiye mwangalifu ataandika kwamba haina madhara makubwa. Kosa hilohilo laweza kufanyika kwa mzizi au jani lolote linalouzwa sokoni kama tiba.

Wala kinachozuia maabara kutumia kolajeni si gharama peke yake, maana kolajeni hupatikana hata kwa kuloweka kano za mkia wa panya katika asidi ya asetiki iliyozimuliwa, kazi ambayo maabara nyingi za vyuo vyetu zinaiweza. Ninachoomba ni kwamba waandishi wenu, kabla ya kuchapisha kuwa dawa ni salama kwa ini, wamuulize mtafiti kuhusu sahani aliyokuzia seli zake, na jibu lake lichapwe pamoja na matokeo.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro