Kabla hamjapuliza rangi Commodore 64 (ile kompyuta ya zamani ya nyumbani)

Wakuu habari za wikendi, naona wengi mshanunua rangi ila tulieni kwanza. Kasha la hizi mashine za 1982 ni plastiki ya ABS, sasa ukiifuta na asetoni inayeyuka kabisa, nawaomba sana asetoni isikaribie hapo! Tumieni maji na sabuni ya vyombo basi. Skrubu ni tatu tu, ziko chini upande wa mbele, ukishafungua inua kifuniko polepole maana waya wa kibodi na wa ile taa nyekundu bado umeshika kwenye bodi, chomoa kwanza. Msasa namba 400 halafu 600, na maji, lengo ni kutoa ule mng'ao sio kuchimba. Praima, yaani ile rangi ya kwanza ya kushikilia rangi yenyewe, iwe ya plastiki, afu rangi pulizeni nyembamba nyembamba mara tatu nne hivi, ukipuliza nzito inachuruzika na inaziba matundu ya hewa, na mi matundu hayo ndo nayapenda kuliko vyote. Msirudishe kibodi siku hiyohiyo jamani, acheni rangi ikauke siku kadhaa. Na kama kasha lako bado halijageuka njano, mi naomba usilipake, tafuta lililochakaa. Tumeni picha za kabla na baada.