Jenereta inawaka kwa choki tu? Usikimbilie kununua kabureta mpya

Umeme ukianza kukatika mara kwa mara, karakana yetu hapa Busia, upande wa Uganda, inajaa jenereta ndogo. Zinafika juu ya boda zimefungwa kwa mpira, na maelezo ni yale yale: "Fundi, niliiweka ikiwa nzima. Sasa inawaka nikivuta choki, nikiirudisha inazima." Wengi wameshabadilisha plagi na kuvuta kamba mpaka bega linauma.

Maelezo hayo yanatuonyesha pa kuanzia. Choki inaziba njia ya hewa, injini inanyonya petroli kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo injini isiyoweza kunguruma bila choki mara nyingi ina njaa ya mafuta. Dalili nyingine ni mngurumo unaopanda na kushuka, na taa zinafifia na kung'aa kuufuata. Nyingi ya injini hizi zinatakiwa kuzunguka karibu mara 3,000 kwa dakika ili zitoe umeme wa hezi 50. Mafuta yakipungua, mwendo unashuka, gavana, yaani kidhibiti mwendo cha injini, inafungua njia, mwendo unapanda, inaachia, unashuka tena.

Kinachoziba njia ya mafuta ni petroli yenyewe. Kabureta ndiyo inayochanganya petroli na hewa; bakuli lake linabeba mafuta kidogo na lina tundu la kupumulia. Sehemu nyepesi ya petroli inatoroka kwa mvuke, inayobaki inashikana na hewa na kugeuka gundi. Mwezi mmoja hadi mitatu unatosha kuanzisha shida hii. Ukifungua bakuli la namna hiyo unapokewa na harufu ya vanishi, mafuta yana rangi ya chai ya rangi, na chini kuna utando unaonata. Kama maji yaliingia, utaona pia unga mweupe kwenye alumini na ukijani kwenye vijeti vya shaba, vile vipande vyenye tundu jembamba vinavyopima petroli.

Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama mpakani hapa na Malaba kwa sababu ya mzozo wa madereva kuhusu vipimo vya Korona, watu walijaza petroli kwenye kila jerikani waliyoipata. Ninaelewa kabisa kwa nini. Lakini petroli haiwekwi kama mahindi.

Sasa sikiliza jambo la jeti ndogo, maana hapo ndipo wateja wetu wengi wamepotezea pesa. Kabureta ya injini hizi ina jeti kubwa katikati, juu ya bakuli, ambayo kila fundi anaijua. Ipo na ndogo, ya mwendo wa chini, na kwenye kabureta nyingi imejificha chini ya skrubu ya kurekebisha mwendo, ina kichwa cha plastiki. Tundu lake ni jembamba kuliko tundu la sindano ya kushonea. Mama mmoja mwenye saluni alituletea jenereta iliyosafishwa mara mbili kwingine, bado inapanda na kushuka. Bakuli lilikuwa safi, jeti kubwa safi. Tukaichomoa ile ndogo, tukaielekeza kwenye mwanga wa mlangoni: giza tupu. Tuliiloweka kwenye dawa ya kabureta, tukapitisha uzi mwembamba wa nailoni, mshipi ule ule wanaotumia wavuvi wa Majanji, kisha tukapuliza kwa kompresa. Ilipoelekezwa tena mlangoni, kitone cha mwanga kilionekana, duara kamili. Jioni hiyo mama alikuwa akikausha nywele za wateja wake.

Kwa nini mshipi, si waya? Shaba ya jeti ni laini na tundu limepimwa. Miaka ya mwanzo mimi mwenyewe nilichokonoa jeti ya mteja kwa waya wa chuma. Injini iliwaka vizuri, nikafurahi. Baada ya siku chache alirudi: moshi mweusi, plagi imejaa masizi, petroli inaisha upesi. Nilikuwa nimepanua tundu. Nilimnunulia jeti nyingine, na tangu siku hiyo waya wa chuma haugusi kabureta hapa kwetu.

Ukitaka kuifungua mwenyewe, funga koki ya mafuta, fanyia kazi nje, mbali na sigiri, maana mvuke wa petroli unatambaa chini usiuone. Vaa miwani: dawa inayopulizwa tundu moja hutokea tundu lingine, moja kwa moja machoni. Gasketi za mpira zisiloweshwe, zinavimba. Ukichomoa kipini cha boya, kile kinachoelea ndani ya bakuli, shika ile sindano ndogo inayofunga petroli isidondoke mchangani.

Kabla ya yote, chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda na inanuka petroli, usiwashe. Sindano ya boya imeacha mafuta yavujie ndani ya injini, na oili iliyochanganyika hivyo hailindi chuma. Hapo tunabadilisha oili na sindano, na kama alumini imeshaliwa tutakwambia wazi kwamba kabureta haifai tena.

Ikiwa hutaitumia kwa wiki kadhaa, usizime kwa swichi. Funga koki ya mafuta, iache ingurume mpaka izime yenyewe. Tone linalobaki kwenye bakuli ulitoe kwa skrubu ya chini. Nunua petroli ya siku chache tu, na jerikani ifungwe vizuri, iwe kivulini.

Kusafisha kabureta nzima, jeti zote mbili, na kuijaribu ikiwa na mzigo, tunatoza shilingi 25,000. Ukiileta kabla ya saa nne asubuhi, mara nyingi unaichukua siku hiyo hiyo. Tuambie ilikaa muda gani bila kuwashwa, na kama kuna fundi aliyeshaifungua kabla yetu.