Michango ya hiari iwekewe sheria moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wabunge, na pia Tume ya Kurekebisha Sheria, kuhusu michango ya hiari.

Nauza nafaka hapa Soko la Majengo, Dodoma, na ni mweka hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Mwaka jana tulimchangia kijana wa mwenzetu aliyekuwa akisafishwa figo. Tulipita meza kwa meza na daftari, tukasambaza ujumbe kwenye simu, na watu wa Kondoa, Mpwapwa hadi Manyoni wakatuma walichojaliwa. Kijana akafariki. Baada ya hospitali na mazishi zilibaki shilingi 1,340,000.

Fedha hizo ni za nani? Familia inasema ni zake, na ina haki ya kusema hivyo, maana jina lililoombewa ni la mtoto wao. Wenzangu wengine wanataka apewe mgonjwa mwingine anayesubiri kupandikizwa figo. Waliotuma kwa simu wengi siwafahamu hata kwa sura. Nilikwenda kuuliza. Ofisi moja ikaniambia sisi si shirika, haituhusu. Nyingine ikasema kikundi chetu kimesajiliwa kwa ajili ya mikopo, hivyo michango ya ugonjwa haimo. Fedha bado ninazo, na kila nikipita kwa mama wa marehemu moyo unaniuma.

Mpwa wangu anayesoma sheria alinikalisha chini akanieleza. Mashirika yana Sheria Na. 24 ya 2002. Jumuiya, zikiwemo za dini, zina Sura 337 ya Sheria za Tanzania. Wadhamini wana Sura 318, chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Vikundi kama chetu vinaandikishwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Zanzibar nako wana sheria zao, ilhali hela ya simu inavuka bahari bila kuuliza. Shirika likipata ufadhili unaozidi shilingi milioni 20, kanuni za 2018 zinalitaka lipeleke mkataba serikalini ndani ya siku 10. Lakini mtu mwenye laini ya simu na picha ya mtoto mgonjwa anakusanya atakavyo. Picha ya kijana wetu ilichukuliwa ikawekewa namba nyingine, na wapo waliotuma huko.

Sheria hizi zinatazama umesajiliwa wapi. Mimi naomba sheria inayotazama kitendo chenyewe cha kuomba fedha kwa umma, awe anayeomba ni kanisa, msikiti, shirika au sisi wauza mtama. Mchango mdogo utoshe kutolewa taarifa kwa mtendaji wa mtaa, uwe na namba yake yenyewe isiyochanganywa na ya biashara, na mapato na matumizi yasomwe hadharani. Mchango mkubwa ukaguliwe. Na kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa, itamkwe zikibaki zitakwenda wapi.

Ila sheria hiyo isitufunge mikono. Tope liliposhuka Mlima Hanang Desemba 2023 na kufunika nyumba za watu Katesh, waliokuwa wamelala nje hawakuweza kusubiri kibali chenye mihuri mitatu. Wakati wa maafa taarifa itolewe baadaye, ndani ya muda uliowekwa, na asiyeitoa awajibishwe. Nasisitiza hili kwa sababu naogopa sana sheria itakayoandikwa kwa ajili ya mashirika yenye wahasibu na wanasheria, kisha ikatuangukia sisi wenye daftari.

Bunge lilishapitisha mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Basi muswada huu uandikwe hivyo tangu mwanzo, na kabla haujasomwa bungeni, kamati ifike masokoni itusikilize. Kutoka bungeni hadi Majengo si mbali.

Mweka hazina wa kikundi cha wauza nafaka,
Soko la Majengo, Dodoma